Utafiti wa Tiba Unapokuja Kijijini: Namna ya Kuuelewa kwa Lugha Nyepesi

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili uweze:
(a) kueleza maana ya jaribio la kitabibu;
(b) kueleza kazi ya kura na kundi la kulinganisha;
(c) kufasiri matokeo yenye takwimu;
(d) kutaja haki za mshiriki.

Utangulizi

Mtahiniwa, somo hili litakufaa katika ufahamu na ufupisho, na pia katika Baiolojia, kwa kuwa linarudia hatua za uchunguzi wa kisayansi ulizoanza nazo kidato cha kwanza. Lina faida nyingine nje ya chumba cha mtihani. Moshi ni mji wa watafiti. Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha tiba hufanya tafiti zinazohitaji watu wa kushiriki. Siku moja mwenyekiti wa kijiji anaweza kuitisha mkutano na kutangaza kuwa utafiti unakuja, na nyumbani wewe ndiwe utakayeombwa kuisoma ile karatasi na kuwaeleza wazee. Jiandae.

1. Jaribio la kitabibu ni nini?

Ni utafiti unaofanywa kwa watu ili kujua kama dawa, chanjo, kifaa au njia fulani ya kinga inafanya kazi, na kama ni salama. Neno la kushika hapo ni *kujua*. Daktari anapokuandikia dawa ya malaria, lengo lake ni kukuponya kwa dawa ambayo tayari imethibitishwa. Mtafiti lengo lake ni kupata jibu ambalo bado hana. Angekuwa nalo, asingekuwa na haki ya kuwapa watu wengine kitu kingine.

Dawa mpya huanzia maabara, kisha hujaribiwa kwa wanyama. Ikifika kwa watu hupita awamu. Awamu ya kwanza huwa na watu wachache, na swali kuu ni usalama. Awamu ya pili huongeza watu na kutafuta kipimo kinachofaa. Awamu ya tatu huwa na watu wengi, mara nyingi maelfu, na hulinganisha dawa mpya na ile inayotumika. Dawa inaweza kukwama katika awamu yoyote.

2. Mfano halisi: vyandarua

Kwa miaka mingi vyandarua vyetu vilitiwa dawa za jamii moja, pairethroidi, zilizoundwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto. Mbu wakawa sugu. Ilibidi itafutwe dawa nyingine, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika Moshi.

Ukishuka kutoka Kibosho au Marangu, kwenye migomba na kahawa ambako baridi huwapunguza mbu, unafika tambarare ya Moshi Chini yenye mashamba ya mpunga wa kumwagilia. Huko maji yametuama na mbu ni wengi. Watafiti walijenga vibanda maalumu. Watu wazima waliojitolea hulala humo ndani ya vyandarua vilivyotobolewa makusudi, ili vifanane na vile vilivyochakaa majumbani. Asubuhi mbu hukusanywa, na waliokufa na walio hai huhesabiwa. Matokeo ya vibanda hivyo kuhusu dawa iitwayo klofenapiri yalichapishwa mwaka 2008. Dawa hii huingilia utengenezaji wa nishati katika seli za mbu (rejea kazi ya mitokondria), kwa hiyo inamuua kwa njia tofauti na pairethroidi.

Lakini kuua mbu kibandani si sawa na kumkinga mtoto nyumbani. Kwa hiyo mwaka 2019 watafiti wa NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na chuo cha tiba cha KCMC na wenzao wa vyuo vya London na Ottawa, waligawa vyandarua wilayani Misungwi, mkoani Mwanza. Eneo liligawanywa katika makundi 84 ya kaya. Ilipigwa kura, na kila aina ya chandarua ikaangukia makundi 21. Baada ya miaka miwili watoto walipimwa malaria:

| Aina ya chandarua | Waliopimwa | Wenye malaria | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Pairethroidi pekee (cha kawaida) | 1,199 | 549 | 45.8 |
| Pairethroidi na kiongeza nguvu | 1,259 | 512 | 40.7 |
| Pairethroidi na dawa ya kuzuia mbu kuzaa | 1,258 | 472 | 37.5 |
| Pairethroidi na klofenapiri | 1,272 | 326 | 25.6 |

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya klofenapiri vitumike mahali ambapo mbu ni sugu. Tangu vibanda vya Moshi hadi pendekezo hilo ilipita miaka 15.

3. Mambo matatu ya kujifunza katika mfano huu

*Kura.* Kwa nini watafiti wasichague wenyewe? Kwa sababu wangeweza, hata bila kukusudia, kuvipeleka vyandarua vipya kwenye vijiji vyenye zahanati nzuri. Watoto wangepungukiwa na malaria kwa sababu ya zahanati, na sifa ingekwenda kwa chandarua. Kura huondoa upendeleo.

*Kundi la kulinganisha.* Futa safu ya kwanza ya jedwali. Utabaki na 25.6, na hutajua kama ni nyingi au ni kidogo. Angalia pia kwamba watoto wa safu hiyo hawakuachwa bila kinga. Walipewa chandarua kilichokuwa kikitumika wakati huo. Watahiniwa wengi huandika kuwa kundi la kulinganisha ni "watu walioachwa bila msaada". Usiandike hivyo.

*Tofauti ya kweli na tofauti ya bahati.* Safu ya pili na ya tatu zina asilimia ndogo kuliko ya kwanza. Hata hivyo, baada ya miaka hiyo miwili watafiti hawakuweza kuondoa shaka kwamba tofauti hizo zilitokana na bahati. Ni klofenapiri pekee iliyovuka kipimo hicho. Kitu kipya si lazima kiwe bora. Ndiyo maana hujaribiwa.

4. Haki za mshiriki

Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliweka misingi inayofuatwa na watafiti wa tiba duniani. Hapa nchini utafiti wa tiba hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, na jaribio la dawa huhitaji pia kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kibali hakimlazimishi mtu. Mshiriki ana haki ya:

(i) kuelezwa utafiti kwa lugha anayoielewa;
(ii) kujua madhara yanayoweza kutokea na nani atamtibu yakitokea;
(iii) kutunziwa siri;
(iv) kukataa, au kujitoa wakati wowote, bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Kama hujatimiza miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa, lakini nawe unapaswa kuelezwa na kuulizwa. Saini iliyotiwa bila kuelewa si ridhaa, hata kama karatasi imejazwa vizuri. Kabla ya kutia saini, uliza: Swali la utafiti ni lipi? Nikiangukia kundi la kulinganisha nitapata nini? Nitatolewa damu mara ngapi? Nikipata madhara nimpigie nani simu? Matokeo tutaletewa lini? Mtafiti makini hatachukizwa na maswali haya.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya matibabu na utafiti wa tiba. (alama 2)
2. Kwa kutumia jedwali, onesha namna 25.6 ilivyopatikana. (alama 2)
3. "Matokeo ya vibanda yalitosha; hapakuwa na haja ya kwenda Misungwi." Toa hoja mbili za kuipinga kauli hii. (alama 4)
4. Fupisha sehemu ya 4 kwa maneno yasiyozidi 50. (alama 5)
5. Bibi yako anasema, "Daktari ni msomi, akisema tusaini tunasaini." Andika maneno utakayomjibu kwa heshima, ukitaja haki mbili za mshiriki. (alama 4)

Dokezo: Swali la 2: 326 ÷ 1,272 × 100. Swali la 3: fikiria tofauti ya mbu aliyekufa na mtoto asiyeugua, na urefu wa muda ambao chandarua hutumika nyumbani. Swali la 5: anza kwa salamu, kisha mweleze, usimkosoe.