Viungo Vinapouma: Jua Aina Kabla ya Kumeza Dawa

Goti likimuuma mtu, jirani humtajia kidonge kilichomsaidia yeye, na duka la dawa liko hapo nje. Diklofenaki hutuliza maumivu kweli. Lakini ikitumiwa mfululizo bila ushauri huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, huku ugonjwa ukiendelea kukila kiungo. Magonjwa ya viungo ni zaidi ya 100, na tiba yake si moja.

Unaoenea kuliko yote ni kusagika kwa viungo. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, hulika. Magoti na nyonga huathirika sana, hasa kwa wazee, wenye uzito mkubwa na waliowahi kuumia. Maumivu huzidi ukitembea, hupungua ukipumzika. Wengi huamua kulipumzisha goti moja kwa moja, na hapo ndipo hali huzidi, kwa sababu msuli wa paja ukilegea goti hukosa msaada. Kaa kitini, nyoosha mguu mmoja mpaka goti linyooke, hesabu hadi 5, kisha ushushe polepole. Rudia mara 10 kila mguu, kila siku.

Baridi yabisi ni jambo jingine kabisa. Kinga ya mwili huvishambulia viungo vyenyewe. Huwapata zaidi wanawake, nao vijana wamo. Hata watoto wana aina yao. Mtazame mgonjwa alfajiri: vifundo vya vidole vimevimba mikono yote miwili, ngumi haifungiki, kitambaa cha kudekia hakikamuliki, kifungo cha blauzi kinamshinda. Ukakamavu huo huchukua zaidi ya nusu saa kuachia, na uchovu haumwishi. Hajarogwa. Baridi ya asubuhi nayo huweza kuongeza maumivu, ila siyo iliyoleta ugonjwa. Mpelekeni hospitali mapema, maana vidole vikishapinda, vidonge havitavinyoosha. Akiandikiwa methotrekseti, familia nzima ijue kwamba kwa ugonjwa huu hunywewa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kunaweza kuua. Mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Jongo huja usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, kwa maumivu makali kiasi kwamba hata shuka halivumiliki. Asidi ya yuriki imezidi na kuganda kama chembechembe ndani ya kiungo. Bia, maini, nyama nyekundu, dagaa na soda zenye sukari huchochea. Hata hivyo urithi na figo dhaifu vina sehemu kubwa, kwa hiyo tusiwasimange wagonjwa kuwa ni walafi. Aliyeandikiwa alopurinoli asiiache kwa sababu tu maumivu yametulia.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na homa ikapanda, au mtoto akakataa kukanyaga mguu, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni usaha, nao huharibu gegedu ndani ya siku chache. Msichue wala kuchanja.

Mkienda, bebeni dawa zote anazotumia mgonjwa, pamoja na unga wa dawa alionunua stendi. Baadhi ya dawa zisizo na lebo huchanganywa na steroidi kwa siri, na kuziacha ghafla ni hatari. Daktari anapaswa kuziona.