Safari ya Kwanza kwa Meli ya Kitalii: Linda Afya na Usalama Wako

Kijitabu cha elimu kwa umma

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha yeyote anayepanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza, awe anaondokea Mombasa, Barcelona au Miami. Meli nyingine hubeba zaidi ya watu 5,000. Wote hao hupakua chakula kwa miiko ileile, hushika reli zilezile za ngazi na huogelea kwenye mabwawa yaleyale, ilhali hospitali kubwa iko mbali. Ndiyo maana uzembe wa mmoja huwafikia wengi upesi.

1. Kabla ya kuondoka nyumbani

- Muone daktari mapema, hasa kama una kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mimba. Kampuni nyingi hazimpokei mjamzito aliyefikisha wiki 24.
- Kagua chanjo. Baadhi ya nchi humdai kadi ya njano msafiri anayetoka Kenya au Uganda. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.
- Kata bima ya safari. Matibabu melini hulipiwa, na bima ya nyumbani mara nyingi haifiki baharini. Hakikisha bima yako inagharimia pia kusafirishwa kwa helikopta.
- Dawa zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari na akiba ya siku kadhaa. Mabegi makubwa huchukuliwa gatini na wapagazi, na huenda yakakufikia chumbani usiku.

2. Zoezi la dharura: usilikwepe

Tarehe 13 Januari 2012, meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Watu 32 walipoteza maisha. Abiria waliopanda jioni ile hawakuwa wamefanya zoezi la dharura, kwani kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu 2015, kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Baada ya zoezi, hakikisha unajua mambo haya:

- Honi saba fupi na moja ndefu ni mwito wa dharura.
- Kituo chako cha kukusanyikia kiko wapi, na ngazi gani inakufikisha huko. Usitumie lifti.
- Jaketi la kuokolea maisha liko wapi na linafungwaje. Mtoto ana lake, la kimo chake.
- Ukiona mtu ametumbukia baharini, piga kelele, mrushie boya, kisha mnyooshee kidole bila kumwondolea macho hadi mabaharia wafike.

3. Kuhara na kutapika

Adui mkuu hapa ni kirusi kiitwacho norovirusi. Huenea kwa mikono, chakula na vitu vilivyoguswa na mgonjwa, na dalili huanza saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa. Kitakasa mikono chenye spiriti hakikiwezi vizuri kirusi hiki. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, kila utokapo chooni na kila uendapo mezani.

Ukiugua, usijifiche. Piga simu kwenye zahanati ya meli, baki chumbani na unywe maji yenye chumvichumvi za kuongezea maji mwilini. Unaweza kuendelea kuambukiza wengine hata baada ya kupona, kwa hiyo usirudi kwenye ukumbi wa chakula mpaka uruhusiwe.

4. Bahari ikikulevya

Chagua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Ukianza kusikia kichefuchefu, toka nje upate hewa na utazame upeo wa macho. Vidonge vya kuzuia kutapika hufaa zaidi vikimezwa kabla bahari haijachafuka. Vingi huleta usingizi, basi usivichanganye na pombe.

5. Roshani, watoto na moto

Usikalie reli wala kumpandisha mtoto juu yake. Mtoto asiachwe bwawani peke yake. Meli nyingi hazina waokoaji kila bwawa. Mwaka 2006 moto uliteketeza vyumba vingi vya meli Star Princess karibu na Jamaika, na wachunguzi waliona kuwa huenda ulianzia kwenye kipande cha sigara. Usitupe sigara roshani, na acha nyumbani pasi, birika la umeme na mishumaa.

6. Mkishuka bandarini

Fuata saa ya meli, si ya mji, na rudi mapema: haimsubiri aliyejitembelea. Kula chakula kilichopikwa na bado moto. Meli ikitia nanga Mombasa au Zanzibar, aliyekaa Ulaya au Marekani miaka mingi asidhani mwili wake bado umeizoea malaria. Amuulize daktari dawa ya kinga kabla ya safari.

7. Ukisharudi

Homa, kikohozi kikali au kuhara ndani ya wiki chache baada ya safari si jambo la kumaliza kwa panadoli. Nenda hospitali na umtajie daktari, bila kusubiri aulize, kwamba ulikuwa melini na bandari zote ulizoshuka.