Kufundisha Biashara ni Kufundisha Hesabu



Wengi husema ya kwamba biashara haifundishwi, mtu huzaliwa nayo. Mimi sikubali. Mimi ni mtoto wa Mwello, na sasa nipo kidato cha sita. Kila Jumamosi huwasaidia wadogo zetu wa kidato cha kwanza katika somo la biashara, na kazi hiyo imenipa imani moja: yafaa mwanafunzi afundishwe kuhesabu mpaka shilingi ya mwisho kabla ya kufundishwa kuuza.

Kuuza si jambo geni kwa watu wa mpakani. Tazameni boda boda. Katika miaka ya 1960, pale Busia, wenye baisikeli waliona jinsi wasafiri walivyotembea kwa miguu na mizigo yao kutoka kituo cha forodha cha nchi moja mpaka cha nchi ya pili. Basi wakawapakia nyuma ya baisikeli zao kwa malipo, huku wakiita, "Boda! Boda!", yaani mpaka hadi mpaka. Waliona haja ya watu, wakaitimiza. Leo jina hilo lajulikana Afrika ya Mashariki yote, ingawa siku hizi wengi wao hupanda pikipiki. Macho ya biashara, basi, tunayo. Kinachotupungukia ni daftari.

Hebu tufanye hesabu ambayo huwapa wadogo zetu. Tuseme mama mmoja wa Tororo anunua kilo 50 za maharagwe kwa shilingi 3,000 za Uganda kila kilo. Ametoa 150,000. Avuka Busia, auza kilo moja kwa shilingi 130 za Kenya. Siku hiyo shilingi moja ya Kenya yabadilishwa kwa 27 za Uganda. Je, amepata faida gani?

Karibu darasa zima hujibu upesi: kilo 50 mara 130 ni 6,500, mara 27 ni 175,500, faida ni 25,500. Hapo mimi huwauliza: nani aliyebeba gunia? Boda boda alilipwa 8,000. Kilo mbili zilikuwa mbovu, zikatupwa, kwa hiyo ziliuzwa 48 tu, akapata 6,240 za Kenya. Katika hizo alilipa 100 za ushuru wa soko, na 100 za chakula. Zimebaki 6,040, ambazo ni 163,080 za Uganda. Toa 158,000 za maharagwe na boda boda. Faida ni 5,080, kwa kazi ya kutwa nzima.

Hesabu haijaisha. Ikiwa mama huyo amekutana na mbadilishaji fedha anayempa 26 badala ya 27, atapata 157,040. Hapo hana faida hata kidogo. Amepata hasara ya 960. Naye atarudi nyumbani na noti nyingi mkononi, akidhani ameshinda! Atanunua sukari na kulipa karo, kumbe anakula mtaji wake. Baada ya miezi michache duka hufungwa, na majirani husema amerogwa. Hakurogwa. Hakuwa na daftari.

Tena yafaa tuwafundishe sheria pamoja na hesabu, kwa maana kutojua sheria nako ni gharama. Chini ya utaratibu mwepesi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za nchi za Jumuiya zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, thamani yake isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, naye hatozwi ushuru wa forodha. Maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi pamoja katika kituo kimoja pale Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018. Hata hivyo wako wanaopita njia za panya usiku, wakimlipa huyu na yule, wakihatarisha mali yao yote ili kukwepa ushuru ambao pengine hawadaiwi. Mwanafunzi aliyejaza cheti hicho darasani hata mara moja hataogopa dirisha la forodha.

Wako watakaosema kwamba hesabu nyingi namna hii huua moyo wa kijana. Mimi naona kinyume chake. Kijana akijua ni nini kilichomla, aweza kukitengeneza: achague maharagwe kabla ya kununua, aungane na jirani kulipia usafiri, aulize bei ya fedha kwa watu watatu kabla ya kubadilisha. Asiyejua hubaki kulaumu bahati.

Nanyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, nina ombi. Mkija kututembelea, msituletee hotuba za ushindi peke yake. Tuleteeni madaftari yenu ya kale, hata ya biashara zilizokufa, mtuonyeshe ukurasa ambapo faida iligeuka kuwa hasara. Ukurasa huo mmoja utatufaa kuliko hotuba kumi, maana wengi wetu tutatoka hapa tukiwa na mtaji mdogo sana, na mtaji mdogo hauna nafasi ya kupotea mara mbili.