Mshipa wa Mzee Chini ya Hadubini

Barua za Nyegina, Bunda na Butiama zilikuwa rundo, na nyingi zikiuliza maswali yaleyale. Daktari wa patholojia aliyeombwa kuzijibu alianza na lile linalomkera zaidi.

Je, limau na kitunguu saumu huyeyusha mafuta ya mishipani?

Hapana. Watu hufikiria bomba lenye ukoko, basi wanatafuta cha kulisafishia. Kipande cha ateri kikikatwa chembamba, kikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, picha hiyo haionekani. Mafuta yamo ndani ya ukuta wenyewe, yamemezwa na seli za kinga mpaka zikajaa mapovu. Juu yake limetanda tabaka la nyuzinyuzi. Juisi ya limau humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Haifiki pale ikakwangua kitu. Tabaka lile likichanika, damu huganda papo hapo, na moyo au ubongo hukosa damu. Aliyeandikiwa dawa za shinikizo la damu asiziache kwa ajili ya chupa ya mchanganyiko huo iuzwayo mnadani.

Na kuumikwa husafisha mishipa?

Pembe hutoa damu ya ngozini. Ateri haiguswi.

Babu ana mshipa mgumu kwenye panja. Ni uzee au ugonjwa?

Uzeeni tabaka la ndani hunenepa, utepe wa mnyumbuko hukatikakatika, na chokaa hujijenga ukutani, kama Mjerumani Mönckeberg alivyoeleza mwaka 1903. Mchochota ni jambo jingine: seli za kinga ziitwazo limfosaiti huvamia ukuta, na mara nyingi seli kubwa zenye viini vingi hukusanyika kando ya utepe huo. Huwapata waliovuka miaka 50. Tena huruka sehemu, kwa hiyo kipande kifupi kinaweza kutoka safi huku ugonjwa upo.

Babu akianza kuumwa kichwa isivyo kawaida, taya likamuuma akitafuna, macho yakaingia ukungu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dawa za steroidi huanzishwa kabla ya majibu ya kipande kutoka; macho yakishapofuka, kwa kawaida hayarudi.

Binti yetu mapigo yake hayapatikani kwenye mkono mmoja. Amelogwa?

Hajalogwa. Apimwe shinikizo mikono yote miwili. Ugonjwa wa Takayasu, ulioelezwa Japani mwaka 1908, unaweza kuyaondoa mapigo hayo, na hupenda wanawake vijana. Kwangwa, Musoma, ipo hospitali ya rufaa. Mwanza ipo hospitali ya Bugando.

Kwa wahudumu daktari ana ombi: sampuli ya mshipa iende kwenye fomalini, na fomu itaje umri, dalili na dawa zilizoanzwa. Fomu iliyoandikwa "mshipa" tu haimsaidii mgonjwa.