Tiba ya Kiwewe kwa Mwendo wa Macho Kupitia Mtandao

Tumchukue, kwa ajili ya somo hili, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyenusurika katika ajali ya basi usiku. Mfano huu ni wa kubuni, lakini watumishi wengi wa kliniki za afya ya akili watautambua. Mifupa yake iliunga zamani. Kilichobaki ni mlio wa breki. Lori likifunga breki karibu na shule, mwalimu huyu hajisikii kama mtu anayekumbuka ajali. Anajisikia yumo ndani ya basi lile tena, na harufu ya dizeli i puani mwake. Ameacha kupanda mabasi, na kwa hiyo mwaka wa pili sasa hajaenda kijijini kumwona mama yake. Usiku hulala karibu na mlango.

Kuliishi tukio kana kwamba linatokea sasa, kukwepa kila kinacholikumbusha, na kuwa chonjo kama mtu anayengojea hatari: hizo ndizo dalili 3 ambazo Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 11, unazitumia kuutambua ugonjwa wa mfadhaiko utokanao na kiwewe. Sharti ni kwamba zidumu kwa majuma kadhaa na ziyavuruge maisha ya mtu. Watu wengi waliopatwa na tukio la kutisha hupona bila tiba maalumu, kwa msaada wa jamaa, kazi na muda. Mwalimu wetu si mmoja wao.

Mojawapo ya tiba zinazomfaa mgonjwa wa namna hii ni ile ijulikanayo duniani kwa herufi EMDR, ambayo hapa tutaiita tiba ya mwendo wa macho. Mwanzilishi wake ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987, akitembea bustanini, aliona kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali macho yake yalipokuwa yakienda huku na huku. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza uliohusisha watu 22. Wenzake wengi walimcheka, na si bila sababu, kwa kuwa maelezo ya awali ya namna tiba hiyo inavyofanya kazi yalikuwa haba. Hata hivyo ushahidi uliongezeka, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba hii, pamoja na tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa watu wazima na watoto wenye ugonjwa huu.

Jina la tiba limewapotosha wengi. Mtu akilisikia hudhani kwamba macho ndiyo dawa. Kwa kweli tiba ina hatua 8, na macho huanza kufanya kazi kwenye hatua ya 4. Kwanza tabibu huchukua historia ya mgonjwa. Kisha humwandaa: humfundisha namna ya kujituliza, huchagua naye mahali pa utulivu pa kurejea kwa fikra, na hukubaliana naye ishara ya kusimamisha kazi wakati wowote. Katika hatua ya 3 kumbukumbu yenyewe huchaguliwa na kupimwa. Mwalimu wetu angeulizwa picha iliyo mbaya kuliko zote, neno analojiambia anapoiona picha hiyo, na kiwango cha dhiki yake kuanzia 0 hadi 10. Tuseme picha ni kiti cha mbele kikimwangukia. Neno ni “ni kosa langu, ningemwambia dereva apunguze mwendo”. Na dhiki ni 9. Ndipo macho yanapoanza kufuata kidole cha tabibu kwa nusu dakika hivi, kisha kituo, pumzi, na swali fupi: nini kimekuja sasa? Kazi hiyo hurudiwa hadi dhiki ishuke. Hatua ya 5 hulitia nguvu neno jipya lenye ukweli zaidi, ya 6 huukagua mwili kutafuta mkazo uliobaki, ya 7 hufunga kikao, na ya 8 hupima upya siku nyingine.

Kwa nini macho? Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi yanatokana na dhana ya kumbukumbu tendaji, iliyofafanuliwa na Alan Baddeley na Graham Hitch mwaka 1974. Hiyo ni sehemu ya akili inayoshikilia jambo tunalolifanyia kazi kwa wakati huo, nayo ina nafasi ndogo, kama meza ya kahawa isiyoweza kubeba sinia mbili. Mgonjwa akiileta picha ya ajali, na papo hapo macho yakalazimika kufuata kitu kinachokwenda kasi, picha hukosa nafasi ya kutosha. Hufifia, na hisia iliyoambatana nayo hulegea. Marcel van den Hout, Iris Engelhard na wenzao katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, wameijaribu dhana hii mara nyingi maabara. Mwaka 2012 walionyesha kwamba milio inayopigwa sikio la kulia na la kushoto kwa zamu, ambayo matabibu wengi huipenda, ina nguvu ndogo kuliko mwendo wa macho.

Ubishi haujakwisha. Uchambuzi wa Davidson na Parker wa mwaka 2001 ulihitimisha kuwa mwendo wa macho hauongezi kitu; ule wa Lee na Cuijpers wa mwaka 2013, uliojumuisha majaribio 26, ulihitimisha kuwa unaongeza. Kwa mgonjwa, ubishi huu una maana ndogo, kwa sababu pande zote mbili zinakiri kwamba tiba kwa ujumla wake husaidia. Kwa anayetaka kuihamishia mtandaoni, una maana kubwa.

Kabla ya mwaka 2020 matabibu wengi walishikilia kwamba kazi hii haiwezi kufanywa bila kukaa chumba kimoja. Janga la UVIKO-19 liliwalazimu kujaribu. Tathmini iliyofanywa Uingereza na kuchapishwa katika jarida la BMC Psychiatry mwaka 2021 ilionyesha dalili kupungua kwa wagonjwa waliotibiwa kwa simu ya video. Haikuwa na kundi la kulinganisha, hivyo isomwe kwa kiasi. Lakini iliondoa dai kwamba jambo hili haliwezekani.

Kwetu swali hili lina uzito wa pekee. Mgonjwa aliye mbali na hospitali kubwa hutumia siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi kwa kikao cha saa moja au moja na nusu, na tiba ya tukio moja kwa kawaida huhitaji vikao 6 hadi 12. Zaidi ya hayo, mwalimu wetu haogopi gharama ya basi. Anaogopa basi lenyewe.

Basi tuangalie vifaa. Wanaotumia kompyuta huona nukta ikivuka kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye simu ya mkononi, nukta hiyo husafiri upana wa kiganja tu. Macho hayasogei vya kutosha, na akili haishughulishwi. Mtandao ukizorota, nukta hurukaruka. Heri kuiacha. Mgonjwa anaweza kubandika karatasi mbili ukutani, kulia na kushoto, akahamisha macho baina yake kwa kasi anayohesabiwa na tabibu. Anaweza pia kupishanisha mikono kifuani na kujigonga mabega kwa zamu, mbinu iitwayo kumbatio la kipepeo, iliyoanzishwa na Lucina Artigas akishirikiana na Ignacio Jarero huko Acapulco, Meksiko, walipokuwa wakiwahudumia manusura wa kimbunga Pauline cha mwaka 1997. Haigharimu hata bando.

Faragha ni ngumu kuliko vifaa. Nyumba nyingi za kupanga zina kuta zisizofika darini, na jirani husikia hata kikohozi. Hapa tiba ya mwendo wa macho ina fadhila isiyosemwa vya kutosha: haimlazimu mgonjwa kusimulia tukio kwa kina. Mwanamke aliyebakwa anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi akijibu kwa maneno machache: “imebadilika”, “nasikia kifua”, “endelea”. Kilio, hata hivyo, hakifichiki, na lazima kizungumzwe mapema. Kama anayemdhuru anaishi nyumba hiyohiyo, kikao cha mtandaoni kisifanyike humo kabisa, kwa sababu anayefunguliwa kumbukumbu hiyo atatoka chumbani na kukutana naye ukumbini.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni mgonjwa kuzama. Kumbukumbu ikifunguka, wengine hupoteza mahali walipo: macho hukodoa, sauti haiwafikii, na kwa dakika kadhaa wako kwenye tukio. Ndani ya chumba tabibu husogeza kiti, humwita kwa jina, humpa maji. Mtandaoni ana sauti yake tu, tena kama mtandao upo. Kwa sababu hiyo maandalizi huchukua vikao vingi zaidi kuliko ana kwa ana, na wenye historia ya kuzama mara kwa mara, wenye mawazo ya kujiua kwa wakati huo, au wenye dalili za kupoteza uhalisia, waonwe ana kwa ana kwanza.

Kila kikao kianze kwa tabibu kuuliza mgonjwa yuko wapi hasa leo. “Mbeya” si jibu. Jibu ni mtaa, na alama: nyuma ya msikiti, nyumba ya tatu yenye geti la bluu. Liwepo jina la mtu mzima aliye karibu, anayejua kwamba kikao kinafanyika ingawa hajui kinahusu nini, na namba yake. Wakubaliane pia kwamba mawasiliano yakikatika mgonjwa atakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, atataja kwa sauti vitu vitano anavyoviona, naye tabibu atapiga simu ya kawaida mara moja.

Mambo hayo ndiyo yasiyopatikana kwenye programu na video zinazoonyesha nukta ikienda huku na huku na kuahidi kufuta kumbukumbu mbaya bila tabibu. Kwanza, tiba haifuti kumbukumbu. Aliyepona bado anajua kilichotokea. Pili, nukta haiwezi kuona kwamba anayeitazama ameacha kupumua vizuri. Kwa wasiwasi mdogo wa siku pengine haina madhara. Kwa aliyebeba tukio zito, ni kumfungulia mlango na kuondoka. Anayelipia tiba ya mtandaoni ana haki ya kumwuliza tabibu amesomea wapi, amesajiliwa na nani, nani anamsimamia, na kama vikao hurekodiwa. Taarifa hizo zinalindwa nchini Tanzania na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nchini Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Turudi kwa mwalimu. Tuseme katika kikao cha 5 dhiki imeshuka hadi 2, na neno jipya ni “nilifanya nilichoweza”. Tabibu hakati simu hapo. Robo saa ya mwisho ni ya kufunga: mgonjwa anarudi mahali pake pa utulivu, anakunywa maji, anasema atafanya nini saa inayofuata. Anaombwa asirudi darasani mara moja, na aandike kwa ufupi ndoto au picha zitakazojitokeza, kwa kuwa akili huendelea na kazi baada ya kikao. Juma linalofuata anasema kiti cha mbele hakimwangukii tena. Kimekuja kitu kingine alichokuwa hajakitaja: watu waliofika na tochi, wakaanza kuokota mizigo kabla ya kuwagusa majeruhi. Tabibu anauliza dhiki ya picha hiyo. Ni 8. Wanaanza hapo.