Chanja Vifaranga Kabla Kideri Hakijafika

Mkulima wa Kola, hesabu kuku wako leo jioni wanapoingia kulala. Huenda ni 15, huenda ni 20. Hao ndio karo ya mtoto, ndio sukari na chumvi, ndio kitoweo cha mgeni. Sasa jua ya kwamba kideri kikiingia banda hilo, katika kuku 10 waweza kubakiwa na mmoja, na pengine asibaki hata huyo.

Kideri ni ugonjwa wa virusi. Madaktari wa mifugo hukiita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza kilikoonekana mwaka 1926. Katika Kenya kilitambuliwa mwaka 1935. Tangu hapo mpaka leo haijapatikana dawa ya kukiponya. Vidonge, mwarobaini na pilipili havimtoi kuku katika kideri, hata jirani akuapie.

Watu wengi hukimbilia chanjo siku ile kuku wa jirani wanapoanza kuhema, kuharisha kijani na kupinda shingo. Hapo wamekwisha kuchelewa. Chanjo huhitaji kama wiki 2 ndipo mwili wa kuku upate nguvu. Aliyekwisha kuambukizwa atakufa ijapokuwa amechanjwa jana, kisha husemwa kwamba ni chanjo iliyomwua! Chanja kuku wangali wazima, na urudie kila baada ya miezi 3 au 4 kama yasemavyo maandishi ya chupa. Hesabu miezi yako ili zamu moja iangukie kabla ya kiangazi cha Julai, na nyingine mapema kabla ya Desemba, wakati kuku wanapouzwa na kusafirishwa kwa wingi.

Kosa kubwa ni kushika mitetea na majogoo, vifaranga wakaachwa ati ni wadogo mno. Mtetea aliyechanjwa huwapa watoto wake kinga kidogo kwa njia ya yai, lakini kinga hiyo huisha baada ya wiki chache, na kifaranga hubaki mtupu. Waulize watu wa duka la dawa za mifugo au afisa wa mifugo chanjo ya kideri inayovumilia joto, ya kudondoshwa jichoni, inayofaa kuku wa umri wowote. Dawa hiyo ni tone moja kwa jogoo, na tone lile lile moja kwa kifaranga. Watakaototolewa baada ya siku hiyo hawana kinga ya kutosha mpaka zamu ifuatayo, kwa hiyo zamu isirukwe.

Chupa moja mara nyingi ni ya kuku 100 au zaidi, na ikisha kuchanganywa haiwekwi mpaka kesho. Mwenye kuku 15 akinunua peke yake atamwaga fedha. Katika mashamba ya makazi maboma hupakana, na kuku wenu hula pamoja. Basi changeni fedha, nyumba 5 au 6, mchanje siku moja. Akina mama na watoto wahusishwe tangu mwanzo. Wao ndio wanaojua mtetea gani amewaficha vifaranga kichakani.

Ichukue chupa ndani ya chombo chenye barafu, au iliyofungwa kwa kitambaa kibichi, na isipigwe jua hata ikiwa ni ile inayovumilia joto. Chanjeni alfajiri kabla ya kufungua banda. Mlaze kifaranga ubavu kiganjani, jicho moja likitazama juu. Shika chupa wima ili matone yawe sawa, wala ncha yake isiguse jicho. Tone likiingia, ngoja apepese, ndipo umwachilie. Nawa mikono kwa sabuni, maana dawa hii yaweza kuwasha macho yako mwenyewe.

Chanjo hii haizuii ndui ya kuku. Hiyo ina chanjo yake.

Kuku mgeni, hata akiwa zawadi, akae mbali na wengine wiki 2. Na kuku wakianza kufa, usiwapakie walio hai kuwapeleka soko la Kola upate chochote. Hivyo ndivyo kideri kinavyopanda gari kwenda kwa wenzako. Zika au choma mizoga pamoja na manyoya na matumbo, mbwa wasiifikie, na umwarifu afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.