Fundi wa Mombo Anaijua?

Jumamosi asubuhi, Ngamiani, jijini Tanga. Chini ya mwarobaini, mjomba ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa siku nyingi. Ufundi ameuacha, ila kucha zake bado zina weusi wa oili. Mpwa wake, muuguzi, amefika na karatasi iliyokunjwa mara nne.

MPWA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Wote hawajambo huko?

MPWA: Hawajambo. Nimekuja na shida ya gari.

MJOMBA: Gari huna, shida yake umeshaipata?

MPWA: Ndiyo nataka ninunue. Nimeandika hapa: Ist, Wish, Noah. Baba watoto anaitaka Noah. Mimi nimeipenda Wish moja nyeupe, namba D, viti safi, redio ya kioo kikubwa.

MJOMBA: Umenitajia rangi, namba, viti na redio. Injini je?

MPWA: Dalali kasema ni VVT-i.

MJOMBA: Umeulizwa mchumba wako ni nani, umejibu ana miguu miwili. Toyota za petroli zilizotoka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu zote ni VVT-i. Huo ni mtambo unaotumia shinikizo la oili kuwahisha au kuchelewesha valvu kufunguka, kulingana na mwendo. Ni mtambo mzuri, lakini injini imara inao na injini sumbufu inao. Tena hiyo namba D inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa kwetu, haikwambii liliundwa lini Japani.

MPWA: Basi nianzie wapi?

MJOMBA: Kwenye safari zako. Mnapanda wangapi, na mnakwenda wapi?

MPWA: Mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Siku za kazi ni shule na hospitali, haizidi kilomita 15. Desemba na sikukuu tunapanda Lushoto kwa bibi.

MJOMBA: Watu sita. Ist ina viti vitano, kwa hiyo huyo wa sita ameshaifuta kabla yangu. Hata kama mngebanana, ile ndogo ina injini ya 2NZ, cc 1298. Mjini haina neno, inakula kidogo. Lakini kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1000 katika kilomita zisizofika 35, kona juu ya kona. Na kila mita 1000 unazopanda, injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Ongeza abiria, ongeza magunia ya viazi mnaporudi.

MPWA: Lakini wanasema injini ndogo ndiyo inayobana mafuta.

MJOMBA: Inabana ikibeba mzigo wa saizi yake. Ukiitwisha mzigo mkubwa, mguu wako hautoki kwenye pedeli, inanguruma kwa nguvu zake zote, na inakunywa kama kubwa. Mtoto ukimbebesha ndoo ya lita 20 atafika kisimani na kurudi, lakini angalia anavyohema.

MPWA: Basi niruke moja kwa moja kwenye cc 2000. Nguvu zisizidi wala zisipungue.

MJOMBA: Polepole. Cc ni ukubwa wa tumbo, hazisemi tabia. Soma hapo ulipoandika Noah. Noah za zamani, zile za mwisho wa miaka ya 1990, SR40 na SR50, za petroli zina 3S, cc 1998. Ni injini ya mkanda wa taimingi, na mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Inakunywa, sikufichi, lakini kila fundi hapa alijifunzia mikono humo. Noah iliyofuata, AZR60, ya 2001 hadi 2007, kwa hesabu ya cc ni ileile 1998. Ila ndani kuna injini nyingine kabisa, 1AZ-FSE. Ukifungua boneti utaona imeandikwa D-4.

MPWA: Di-foo! Hiyo nimeisikia. Watu wanaikimbia kama mgonjwa wa kipindupindu.

MJOMBA: Wewe ni muuguzi, hukimbii mgonjwa bila kujua anaumwa nini. Injini ya kawaida humwagia petroli kwenye njia ya hewa, nje ya valvu, halafu hewa na petroli huingia pamoja. Hii ya D-4 humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa shinikizo kubwa sana. Inachoma vizuri, inabana mafuta. Lakini shinikizo hilo linataka pampu ya pekee na nozeli nyembamba, na hizo hazivumilii uchafu hata chembe. Halafu valvu za kuingiza hewa hazioshwi tena na petroli, kwa hiyo masizi hugandia humo mpaka gari linatetemeka likiwa limesimama. Tena injini hiyo inajulikana kwa boliti za silinda hedi kulegea, nyuzi zake zinachubuka kwenye bloku ya aluminiamu. Maji yanaanza kupotea, gari linachemsha.

MPWA: Kwa hiyo ni injini mbovu?

MJOMBA: Kule Japani, petroli safi, sevisi kwa kalenda, ilitembea. Mimi nilijifunza kwa machungu. Nilikuwa na gari la familia, jina lake tuliache, lenye injini ya kumwaga petroli ndani kwa ndani namna hiyo. Tukawa tunakwenda Lushoto msibani. Njiani nikanunua petroli ya dumu, kosa langu mwenyewe. Kufika Mombo, saa tatu usiku, likazima. Akaja fundi kijana, kijana mzuri tu, akafungua boneti, akamulika tochi, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaishusha boneti taratibu, kama mtu anayefunika maiti. Akaniambia, "Mzee, hii siijui. Na pampu yake hata Korogwe huipati."

MPWA: Mkafanyaje?

MJOMBA: Tukalala garini, watoto na mbu wao. Asubuhi, palepale tuliposimama, ikaja teksi chakavu inavutwa kwa kamba. Yule kijana akaifungua, akabadilisha koili na plagi, saa moja haikuisha, ikaondoka. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza injini gani nzuri, namuuliza kwanza: fundi wa Mombo anaijua?

MPWA: Hata kama ni injini ya kisasa?

MJOMBA: Ya kisasa itakuwa ya kawaida baada ya miaka michache, spea zitajaa, mafundi wataizoea. Noah iliyoanza 2007, ZRR70, ina 3ZR, cc 1986, na petroli imerudi kumwagwa nje ya valvu. Hiyo nzuri, kama mfuko unaruhusu na kama mtaiwekea giaboksi ya CVT oili yake yenyewe, siyo ile ya kila gari. Lakini wewe usiwe mwanafunzi wa kwanza wa fundi wako.

MPWA: Na dizeli? Shemeji anasema dizeli haifi.

MJOMBA: Shemeji anabeba mbao. Dizeli ina nguvu ya kuvuta ikiwa kwenye mwendo wa chini, inafaa mizigo na safari ndefu. Wewe unakwenda kilomita 15 kwa vipande vipande, injini haijapata joto umeshaizima. Na pampu yake au nozeli zikifa, bei utaisikia ukiwa umekaa.

MPWA: Basi inabaki Wish yangu.

MJOMBA: Inabaki Wish, lakini ipi? Za toleo la kwanza zipo mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ina 1ZZ-FE, cc 1794. Nyingine ya cc 2000, nayo ndiyo ile D-4 tuliyoizungumza.

MPWA: Mungu wangu! Nitazitofautishaje?

MJOMBA: Njoo hapa kwenye gari la jirani. Fungua boneti. Chukua kitambaa, futa hicho kibati. Soma baada ya kistari.

MPWA: Z... N... E... 10... G.

MJOMBA: Hiyo Z ya mwanzo ni ZZ. Ingekuwa ANE, hiyo A ni AZ, na hapo ungeniaga. Kwa Toyota nyingi, herufi za mwanzo zinataja ukoo wa injini: NCP na NZE ni NZ, ZZE na ZNE ni ZZ, AZR ni AZ. Dalali anaweza kubadilisha maneno. Kibati hakibadilishi.

MPWA: Na hiyo 1ZZ haina ugonjwa?

MJOMBA: Inao. Zile za mwanzo, za mwisho wa miaka ya 1990 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa zinakula oili. Vitundu vya kurudisha oili kwenye pistoni vilikuwa vidogo, vikiziba ringi zinaganda, oili inaungua na petroli. Za baadaye zilirekebishwa, lakini injini iliyonyimwa sevisi itakula oili hata ingekuwa ya jana. Halafu hii ni ya cheni, siyo mkanda. Watu wakisikia cheni wanadhani ni ya milele. Cheni inaishi kwa oili safi. Ukichelewesha oili inatanuka, ukiwasha asubuhi inalia kama kokoto ndani ya kopo.

MPWA: Nitayajuaje hayo kabla sijatoa pesa?

MJOMBA: Unampokeaje mgonjwa?

MPWA: Nampima kabla hajameza dawa. Akishameza panadol, homa inajificha.

MJOMBA: Umemaliza! Panadol ya gari ni kuliwasha kabla mnunuzi hajafika. Injini ikipata joto inaficha kelele na moshi. Kwa hiyo ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ni baridi? Endelea. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa chini ya alama, uliza inakwenda wapi. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Fungua rejeta, ikiwa baridi tu, usijibabue. Maji yenye kutu maana yake hawakuweka kulanti. Uliza pia kama themostati ipo. Huku pwani kuna mafundi wanaing'oa gari likichemsha mara moja, ugonjwa unabaki, dalili inaondoka.

MPWA: Hiyo hata wodini ipo.

MJOMBA: Ndipo uwashe, na mtu asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Kisha liendeshe nusu saa, lipandishe mlima wowote, lizime, liwashe tena likiwa na moto. Mwisho, mlipe fundi asiyemjua dalali apime kompresheni silinda zote nne. Namba zikikaribiana, zungumza bei.

MPWA: Na nikikuta ZNE imechakaa, lakini pembeni kuna ANE safi, inang'aa, imetunzwa?

MJOMBA: Swali gumu hilo. Ningekuwa sitoki Tanga, na fundi wa D-4 ninamjua kwa jina, ningeitazama mara mbili. Ila mwenye kulala garini Mombo si mimi tena, ni wanao. Usinunue hiyo, na ile iliyochakaa usinunue pia. Subiri. Wish hazijaisha mjini.

(Mpwa anatoa simu, anapiga.)

MPWA: Haloo, kaka. Ile Wish nyeupe, nisomee kibati kwenye boneti... Hapana, siyo namba ya gari, kibati... Z, N, E? Sawa, ninakuja sasa hivi... Umeshaliwasha? Linanguruma kama jipya? (Anamtazama mjomba. Mjomba anatazama mwarobaini.) Basi lizime, kaka. Nitakuja kesho saa moja asubuhi. Usiliguse mpaka nifike.